Mlango wa Vézelay: Mwaliko Wenye Masharti

Kanisa la abasia ya Vézelay, nchini Ufaransa, husifiwa zaidi kwa mwanga wake. Sifa hiyo ni ya haki. Baada ya moto wa mwaka 1120, ukumbi wa waumini ulijengwa upya kwa mtindo wa Kiromaneski: matao ya nusu duara yenye mawe meupe na ya kahawia yanayopokezana, na madirisha ya juu yanayoangaza hadi sakafuni. Eugène Viollet-le-Duc alipoanza kulikarabati mwaka 1840, aliokoa jengo lililokaribia kuanguka.

Hata hivyo, hoja yangu inahusu mlango mkuu wa ndani. Juu yake amechongwa Kristo akiwatuma mitume. Miale inatoka mikononi mwake na kuwafikia. Pembezoni na chini yao yamechongwa mataifa ya mbali: watu wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio makubwa kama ungo, na wafupi wanaopanda farasi kwa ngazi.

Wapo watakaosema kuwa mchongo huu unawakaribisha watu wote. Ni kweli, mataifa hayo hayakuachwa nje. Lakini mgeni anaalikwa akiwa amekwisha kupunguziwa utu. Mwaka 1146, hapohapo Vézelay, Bernard wa Clairvaux alihubiri Vita vya Pili vya Msalaba. Sidai kuwa mchongo ndio ulioleta vita. Nadai kwamba aliyezoea kumwona mgeni kama kioja hapati shida kumwona kama adui. Tusifu jengo hili, lakini tuusome na mlango wake.