Chongo na Kengeza

John Tenniel alikuwa na chongo. Ujanani, akicheza upanga na baba yake, ncha ilimpata jichoni, na jicho lile likapofuka. Kwa lililobaki alilichorea jarida la Punch la London katuni za siasa zaidi ya 2,000, tangu 1850 hadi 1901.

Kazi ilianza Jumatano usiku, wahariri wakila na kubishania habari ya wiki. Kufika Ijumaa Tenniel alikuwa ameinamia kipande cha mbao ngumu, penseli mkononi, akichora kinyume, kulia kuwa kushoto, maana chapa hugeuza kama kioo. Kisha mafundi wa mchongaji Joseph Swain walichimba kila palipotakiwa kuwa peupe, wakiiacha mistari imesimama kupokea wino. Mstari mwembamba kama unywele ukikatika, ndiyo basi. Ufundi huo nausifu bila kusita.

Agosti 1857 askari wa Kihindi walikuwa wameasi dhidi ya Waingereza waliowatawala. Uvumi wa risasi zilizopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, mwiko kwa dini zao, ulikuwa umekuta kuni kavu: kodi, ardhi, falme zilizonyakuliwa. Tenniel akachora simba wa Uingereza akimrukia chui milia aliyemkalia mwanamke na mtoto wake. Hata asiyejua kusoma angeelewa. Hapo ndipo penye ubingwa, na hapo hapo ndipo penye hila: chui hana malalamiko, ana kucha tu.

Ukipenda, chongo huita kengeza, na Tenniel aliipenda Dola yake. Mwezi uliofuata alichora Haki, mwanamke mwenye upanga, akiwafyeka waasi. Lakini peleka macho nyuma yake: wanawake wa Kihindi wamejikunyata na watoto wao. Mhariri angeridhika na upanga peke yake. Mkono wa fundi haukuridhika.

Januari 1879 Wazulu waliliangamiza jeshi la Uingereza kule Isandlwana. Wiki chache baadaye Tenniel alimchora shujaa wa Kizulu akiwa mwalimu mbele ya ubao, na John Bull, yaani Mwingereza mwenyewe, ameketi kama mwanafunzi. Somo: usimdharau adui. Ilibidi upande wa Uingereza upoteze watu zaidi ya 1,300, ndipo jicho lile moja limwone Mwafrika kuwa mtu mwenye la kufundisha.