Hasara za Duka Kubwa

Duka kubwa lina sifa zake: bei imeandikwa, na kuingia ni bure. Lakini, msomaji, itazame hila yake. Katika riwaya ya Émile Zola, Au Bonheur des Dames, ya mwaka 1883, Mouret, mwenye duka kubwa mjini Paris, hutawanya bidhaa makusudi ili mnunuzi azunguke kote kabla ya kufika alikokusudia. Bibi Marty, mke wa mwalimu, huja kutafuta kitu kidogo akatoka na mzigo. Mumewe hufanya kazi mno na mshahara hautoshi. Ng'ambo ya njia, mzee Baudu, muuza vitambaa, apotewa na wateja hata akafunga duka. Wahenga walisema macho hayana pazia. Basi ingia ukijua unalolitaka. Usipojua, duka litakuamulia.