Sanamu Zilizoshushwa Shimoni

Sisi wa Butihinda, tuliozoea kuyaona malori yakipanda kutoka bandari ya Dar es Salaam na kusimama foleni forodhani Kobero, twaijua bahari kwa shehena ituleteayo, na aghalabu twasahau kwamba zamani njia za bara zilishusha pwani wanadamu. Katika ua wa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873, mchongaji Clara Sörnäs wa Uswidi aliziweka mwaka 1998 sanamu tano za saruji, ambazo nguvu yake yote, kwa taamuli yangu, yatokana na jambo moja la ufundi, nalo ni kimo cha jicho la mtazamaji.

Ada ya sanamu za hadhara ni kupandishwa. Askari wa shaba wa Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson ya mwaka 1927, yuko juu ya kitako chake, nawe humtazama kwa kuinua kidevu. Rowan Gillespie wa Ireland, fundi ambaye huimimina shaba yake kalibuni kwa mikono yake mwenyewe, alikiondoa kitako: watu wake wa njaa kuu iliyoanza 1845, waliowekwa kando ya mto Liffey mjini Dublin mwaka 1997, wakanyaga mawe yale yale akanyagayo mpita njia, hata mtu akajiona yu katika msafara wao wa kuiendea merikebu.

Sörnäs alichimba. Atakaye kuziona nyuso za watu wake hana budi kusimama ukingoni mwa shimo na kuinamisha macho, na hapo ndipo hutanabahi kwamba amewekwa mahali pa mnunuzi, akitazama kama mnunuzi alivyotazama. Sijapata kuona hila ya sanaa iliyo kali kuliko hii.

Saruji nayo haikulainishwa. Ngozi ni ya kukwaruza, rangi ya majivu, haina mng'ao wa kulishughulisha jicho, basi jicho huteremka hadi shingoni, penye mnyororo wa kweli wa zama zile. Mchongaji angaliweza kuufinyanga kwa saruji ile ile ukafanana na miili. Aliuacha chuma, na uzito wake waonekana kwa jinsi uning'inavyo baina ya shingo na shingo.