Timoshenko na Mzigo wa Neno Nguvu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotwikwa mzigo kupita kiasi katika tafsiri za ufundi, hapana linalolizidi neno nguvu. Hulitumia mfasiri kwa kani inayosukuma, kwa uimara wa kitu kinachosukumwa, na hata kwa umeme unaozungusha mashine. Katika mazungumzo ya kawaida haidhuru. Katika maelekezo ya ujenzi wa daraja ni hatari, na makala haya yanakusudia kuionyesha hatari hiyo kwa kumfuata profesa mmoja aliyefundisha mekanika ya vitu yabisi katika nchi na lugha mbalimbali.

Stephen Timoshenko alizaliwa mwaka 1878 nchini Ukraine, iliyokuwa chini ya Dola ya Urusi, akahitimu uhandisi St Petersburg mwaka 1901. Alifundisha Kiev hadi mwaka 1911, alipofukuzwa kazi kwa kutia sahihi barua ya kumpinga Waziri wa Elimu. Mwaka 1920 alikwenda kufundisha Zagreb, na mwaka 1922 akahamia Marekani, ambako alifanya kazi katika kampuni ya Westinghouse kabla ya kurudi kwenye ualimu: kwanza Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1927, kisha Stanford mwaka 1936. Alifariki Ujerumani Magharibi mwaka 1972.

Linalotuhusu zaidi ni jina la somo lake. Kitabu chake cha Kirusi, kilichotolewa Kiev mwaka 1911, kina jina lenye maana ya ukinzani wa vifaa, na Wafaransa nao husema hivyo hivyo. Alipoandika kwa Kiingereza mwaka 1930, jina likawa na maana ya nguvu za vifaa. Somo ni lile lile, mtungaji ni yule yule, ila lugha moja inakitazama chuma jinsi kinavyopinga mzigo, na nyingine inatazama sifa iliyomo ndani ya chuma chenyewe. Mfasiri wetu akifuata Kiingereza neno kwa neno, atatumbukia tena katika nguvu. Kwa maoni yangu ustahimilivu wa vifaa ni bora kuliko yote mawili, kwa kuwa kustahimili ni kubeba bila kushindwa, na hilo ndilo mhandisi analoliuliza.

Huko Zagreb Timoshenko aliwahutubia wanafunzi kwa Kirusi huku akichanganya maneno ya Kikroatia kadiri alivyoweza, nao wakamwelewa. Wako watakaosema kwamba hiyo ni hoja ya kuchanganya lugha darasani. Sikubali. Kirusi na Kikroatia ni ndugu, ilhali Kiingereza na Kiswahili havina undugu huo. Kitenzi cha jirani hakitatuokoa. Tulicho nacho sisi ni vitenzi vyetu wenyewe, navyo si haba.

Tuchukue dhana mbili zilizo kiini cha elimu hii. Mwaka 1678 Robert Hooke alitangaza kwamba urefukaji wa kitu hulingana na kani inayokivuta. Lakini ni Cauchy, Mfaransa, aliyeeleza bayana, mwaka 1822, habari ya kani iliyogawanywa kwa eneo ndani ya kitu. Waingereza wenyewe waliyachanganya maneno yao mawili ya jambo hili hadi miaka ya 1850, Rankine alipoyatenga: moja kwa kani ndani ya eneo, la pili kwa badiliko la umbo. Basi tusione haya kwamba nasi bado tunayachanganya. Tuone haya tukiendelea.

Chukua waya wa chuma laini wenye eneo la milimita 5 za mraba, uning'inize mfuko wa saruji wa kilo 50, yaani kani ya kiasi cha nyutoni 500. Mkazo ni nyutoni 100 kwa kila milimita ya mraba. Ikiwa waya una urefu wa mita 10, utarefuka kiasi cha milimita 5. Ukiwa wa mita 20, milimita 10. Mgeuko, ambao ni urefukaji ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo, ni ule ule: sehemu 5 kwa kila 10,000. Sasa punguza eneo liwe milimita 1 ya mraba. Kani haikubadilika, bali mkazo ni 500, na chuma hicho huanza kushindwa kurudi hali yake karibu na 250. Fundi aliyeandikiwa "nguvu isizidi 250" atajuaje ameambiwa lipi kati ya hayo?

Napendekeza mgeuko, wala si mnyumbuko, kwa dhana hii ya pili. Kitu kinyumbukacho hurudi; waya uliokwisha kuzidiwa haurudi, na bado umegeuka.

Dhana iliyompa Timoshenko jina la kudumu ndiyo ngumu zaidi kuitafsiri. Nadharia ya zamani ya boriti ilihesabu kupinda tu. Yeye, katika andiko la mwaka 1921 kuhusu mitetemo, aliongeza kutelezana kwa tabaka za boriti, jambo lenye uzito hasa katika boriti fupi na nene. Msomaji akunje kitabu chenye jalada laini aone kurasa zinavyopishana ukingoni. Wengi huiita kani ya kukata, ilhali hakuna kilichokatwa. Boriti nzima yaweza kuibeba kani hiyo miaka mia. Mpaka lipatikane neno bora, afadhali mfasiri aandike kani ya kutelezesha na kuweka mchoro pembeni.