Kwa nini panzi wa njano ni wakubwa kuliko wa kijani?

Ukitaja riwaya yenye sayansi ndani yake, wengi wanafikiria roboti na safari za anga. Leo tuzungumzie riwaya ambayo sayansi yake inaanzia kwenye majani makavu nje ya nyumba. Inaitwa The Evolution of Calpurnia Tate, yaani Mageuko ya Calpurnia Tate. Mwandishi wake, Jacqueline Kelly, ni daktari wa tiba ambaye pia alisomea sheria. Kitabu kilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 kikawa miongoni mwa vitabu vya heshima vya tuzo ya Newbery, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya watoto na vijana huko Marekani.

Mwaka ni 1899. Mahali ni Fentress, mji mdogo wa Texas, wakati wa joto kali na ukame. Calpurnia ana miaka 11 inayokwenda 12, binti pekee kati ya watoto saba. Mama yake anataka ajue kufuma, kupika na kupiga piano, ili muda ukifika atambulishwe kwenye jamii kama mwari mwenye adabu. Upande wa pili yuko babu yake, Kapteni Tate, mzee ambaye wajukuu wanamwogopa. Alishamwachia mwanawe biashara ya kuchambua pamba, na siku zake anazimalizia kwenye maabara yake ya nyuma ya nyumba, na vitabu na wadudu.

Basi, Calpurnia anagundua kitu. Panzi wa kijani ni wadogo, na wa njano ni wakubwa zaidi. Kwa nini? Anakwenda kumuuliza babu. Babu hampi jibu, anamwambia afikirie mwenyewe. Binti anakwenda mji wa jirani, Lockhart, kuazima kitabu cha Darwin, na mkutubi anamkatalia. Baadaye babu anampa nakala yake mwenyewe. Lakini kabla ya hapo Calpurnia ameshapata jibu peke yake: nyasi zimekauka na kuwa za njano, ndege wanawaona panzi wa kijani kwa urahisi na kuwala mapema, na wale wa njano wanajificha, wanaishi muda mrefu, wanakua wakubwa.

Hapa ndipo kitabu kilinikamata. Wengi wetu tulisoma biolojia kwa kukariri. Uteuzi asilia ulikuwa maelezo ya mistari minne yaliyotoka ubaoni, yakaingia kwenye daftari, kisha kwenye karatasi ya mtihani. Calpurnia anafanya safari kinyume. Anaanza na kitu alichokiona, anakosa maelezo, anateseka nacho siku kadhaa, ndipo anakutana na nadharia. Darwin akija, anakuja kama mtu wa kuzungumza naye. Mwalimu wa sayansi anayesoma sura hizo atajifunza jambo kuhusu kazi yake.

Sasa tumkague Calpurnia kama tunavyokaguana kwenye semina. Jibu lake ni nadharia tete nzuri, lakini lina matundu mawili.

La kwanza ni ukubwa. Panzi hakui kidogo kidogo mpaka anakufa. Anakua kwa kujivua ngozi, mara tano au zaidi kidogo kutegemea aina, na akishapata mabawa kamili ukuaji umeisha. Kwa hiyo kuishi muda mrefu kunaeleza kwa nini tunda wadogo wa kijani hawafiki utu uzima, ila hakuelezi panzi mkubwa kupita wakubwa wenzake. Huenda ni aina mbili tofauti kabisa. Huenda ni aina moja inayobadilika rangi kufuata mazingira, jambo ambalo baadhi ya panzi hulifanya. Wakazi wa kaskazini mwa Kenya waliona jambo la karibu na hilo mwaka 2020, pale nzige wa jangwani walipovamia: makundi ya rangi ya waridi, na mengine ya njano. Walikuwa nzige walewale. Wa waridi walikuwa hawajakomaa, wa njano walikuwa tayari kuzaa. Wazo kwamba nzige wa aina moja anaweza kuwa na sura mbili tofauti lilitolewa na Boris Uvarov mwaka 1921. Calpurnia wa 1899 asingeweza kulisoma popote, kwa hiyo hilo tusimdai.

Tundu la pili ni kubwa zaidi, na ni la kitabu. Uteuzi asilia unahitaji vitu vitatu: viumbe watofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na wenye tofauti zinazofaa wazae zaidi. Panzi wa Calpurnia wanatuonyesha cha kwanza, na kwamba wengine huliwa kabla ya wenzao. Kurithi hakuonekani. Msomaji kijana anaweza kufunga kitabu akidhani mageuko ni suala la nani kaliwa na nani kapona. Sura moja ya mayai ya panzi hao ingetosha.

Penye kusifu tusifu. Calpurnia na babu yake wanapopata mmea wa jamii ya kunde wanaodhani haujawahi kuelezwa, wanapaswa kuthibitisha, na inabainika kuwa binti hakuandika mahali alipouokota. Wanarudi kuutafuta, kwa jasho. Yeyote aliyewahi kukusanya sampuli bila lebo atatabasamu kwa uchungu. Kisha wanatuma taarifa Taasisi ya Smithsonian, halafu wanasubiri. Sura baada ya sura, wanasubiri tu. Sijui riwaya nyingine ya vijana inayothubutu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sayansi ni kungoja barua. Jibu lililokuja sitalisema, kalitafute.

Ila kuna jambo linalonisumbua. Babu anamtajia mjukuu wake wanawake kama Marie Curie na Mary Anning, na binti anapata matumaini. Lakini vita vya jikoni na vya sindano anaviachiwa apigane karibu peke yake. Krismasi anapewa kitabu, anaona neno sayansi kwenye jalada, moyo unaruka. Kumbe ni sayansi ya kutunza nyumba. Inachekesha na inauma kwa pamoja. Msichana aliyeambiwa kwamba anaweza, bila mtu mzima wa kwenda kuzungumza na wazazi wake, amepewa nusu ya msaada.

Na maabara ya babu, ni jengo gani? Ni makazi ya zamani ya watumwa. Utumwa Texas ulikoma mwaka 1865, miaka 34 tu kabla ya hadithi kuanza. Viola, mpishi wa familia mwenye asili ya Kiafrika, ndiye anayepika milo yote ili Calpurnia apate asubuhi za kuzurura mtoni San Marcos na daftari. Kitabu kinampenda Viola, kinampa ulimi mkali na utani. Hakimuulizi kama naye aliwahi kujiuliza kitu kuhusu panzi. Muda wa kushangaa ni mali, na mwaka 1899 haukugawanywa sawa. Leo pia haujagawanywa sawa: binti anayechota maji kabla ya shule na mwingine anayeamka na kufungua bomba hawana idadi sawa ya saa za kuuliza kwa nini.

Riwaya inaishia asubuhi ya kwanza ya mwaka 1900, theluji imeanguka, na hatuambiwi Calpurnia atakuwa nani. Wasomaji wengine wanalalamika kwamba haina mwisho. Mimi naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Udadisi wake hauna uhakika wa kufika popote, na mwandishi hakutudanganya.

Kiingereza chake hakimshindi mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye subira. Kama una mdogo wako anayeuliza maswali mengi, msomee japo sura ya panzi. Halafu tokeni nje mkahesabu: wangapi wa kijani, wangapi wa kahawia, kwenye nyasi za rangi gani. Na tarehe na mahali msisahau kuandika.