Siku Saba za Kimya: Mipaka ya Usemi katika Kitabu cha Ayubu

Wasomaji wengi wa Kitabu cha Ayubu huyaharakia mabishano yanayoanza baada ya sura ya 3, wakaipita mbio aya ya mwisho ya sura ya 2. Hapo twaona Elifazi, Bildadi na Sofari wakikaa chini na mwenzao siku 7 bila kutamka lolote, maana maumivu waliyoyaona yalizidi maneno. Kwa maoni yetu, aya hiyo ndiyo kipimo cha yote yanenwayo baadaye.

Tumwangalie Elifazi. Katika sura ya 4 aanza kwa upole, akimkumbusha Ayubu jinsi alivyowatia nguvu wanyonge. Lakini amekwisha kushika kanuni kwamba ateswaye ametenda dhambi. Afikapo sura ya 22, amshtaki Ayubu kwamba aliwanyima maji waliochoka na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Msomaji, ambaye tangu sura ya 1 amesikia ushuhuda wa Mungu mwenyewe juu ya unyofu wa Ayubu, atambua kwamba dhambi hizo zimebuniwa ili hoja isianguke.

Je, yatupasa basi kunyamaza? La. Ayubu naye asema, tena kwa ukali, hata kuilaani siku aliyozaliwa. Lakini katika 42:7 ghadhabu ya Mungu yawaka juu ya marafiki. Neno la Kiebrania *el* katika aya hiyo, ambalo tafsiri nyingi hulifasiri "habari za," kwa kawaida humaanisha "kwa" au "kuelekea." Hatudai kwamba fasiri iliyozoeleka ni kosa, ila maana hiyo nyingine yaafikiana na mwenendo wa kitabu: marafiki wazungumza habari za Mungu tu, naye Ayubu peke yake amgeukia Mungu na kusema naye. Uchungu wa mtu hauelezeki kwa hoja, lakini waweza kuliliwa mbele za Mungu. Hata Mungu, ajibupo katika upepo wa kisulisuli, hatoi sababu ya mateso yale.

Huko Heidelberg mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa utukufu huuita uovu wema, bali mwanatheolojia wa msalaba husema kitu kama kilivyo. Sisi tuhubirio makaburini hatuna budi kujipima hapo. Ni mara ngapi tumesimama mbele ya mama aliyezika mtoto tukamwambia kwamba Mungu amempenda zaidi? Maneno hayo ni ya Elifazi, hata yakitamkwa kwa kanzu na kola.

Waumini wetu wakaao matanga, wakiketi mkekani na wafiwa pasipo kusema neno, wameielewa sura ya 2 kuliko wengi wetu tulioisoma darasani. Mchungaji na aanze kwa kuketi nao. Wakati wa kunena utakapofika, awasomee Zaburi ya 88, ambayo yaishia gizani, wala asiharakishe kuifafanua.