Kwassa kwassa iliyosafiri: Vampire Weekend, 2008 na 2024

Msomaji asishangae kukikuta katika kurasa hizi kikundi cha vijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ni neno letu lililowaleta. Katika albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, iliyotoka 2008, wimbo mmoja huitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Cape Cod ni rasi ya Massachusetts waendako wenye mali kupumzika wakati wa joto. Kwassa kwassa ni dansi ya Kinshasa ya miaka ya 1980, ambayo Kanda Bongo Man aliieneza akiwa Paris.

Wahakiki wa Marekani na Uingereza walisema mengi juu ya Uafrika wa albamu ile. Sisi tuliolelewa na gita hilo twasikia jambo jingine. Katika rumba yetu, solo, mi-solo na gita la kusindikiza hujibizana, kisha wimbo huvunja mwendo, ukaingia sebene. Ndipo watu huinuka vitini. Wimbo wa Ezra Koenig na wenzake una gita moja, jembamba na safi, lirudialo kishazi chake kwa dakika tatu na nusu hivi. Sebene haifiki. Jina liliazimwa, rangi ikaazimwa, muundo ukaachwa. (Kanda Bongo Man naye alikata utangulizi wa polepole, lakini alikata ili kuifikia sebene upesi.)

Albamu tatu za katikati tunazipita, ingawa ile ya 2019 ilichukua kipande cha S. E. Rogie wa Sierra Leone, na humo deni lilikuwa wazi zaidi.

Ya tano, Only God Was Above Us ya 2024, ina nyimbo 10. Rostam Batmanglij, aliyekuwa mtayarishaji wao, aliondoka 2016, wamebaki watatu. Gita la namna ya kwetu limerudi nyuma, na mahali pake pamekaa piano, fidla na kelele zilizokwaruzwa kwa makusudi. Katika Connect wameirudia mipigo ya ngoma ya Mansard Roof, wimbo uliofungua albamu ya 2008: sasa wanajiazima wenyewe.

Je, uhusiano na Kongo umekwisha? Hatukubali. Isikilizwe Ice Cream Piano, wimbo wa kwanza: huanza chini kabisa, mwimbaji akikaribia kunong'ona, kisha ngoma huingia na wimbo hukimbia kana kwamba umechelewa safari. Si sebene, wala hatudai kwamba walikusudia hivyo. Hata hivyo kanuni ni ile ile ya wimbo wenye vyumba viwili, ambapo msikilizaji hustahili cha pili kwa kuwa amesubiri katika cha kwanza. Nyimbo nyingi za 2008 zilikuwa na chumba kimoja, kizuri, chenye mwanga tele.

Hope, wimbo wa mwisho, karibu dakika nane, hautushawishi. Hurundika ala juu ya ala bila kugeuka. Hapo ndipo tuliikumbuka sebene, tukaingoja bure.